Supu yenye chakula ndani yake: maharagwe, mukene (dagaa) na majani

Mtu akiugua, jambo la kwanza nyumbani ni kumchemshia mifupa. Mgonjwa anapewa yale maji, nyama wanakula wazima. Mtoto naye mara nyingi hupata fungu hilohilo: posho (ugali) imelowa mchuzi, kipande kimebaki kwa baba. Hapo ndipo supu inapoteza maana. Maji ya mifupa yana ladha, chumvi, mafuta kidogo na jelatini. Kalsiamu inayotoka kwenye mfupa ni kidogo mno, hata ukiuchemsha kutwa nzima. Molokony, supu ya kwato za ng'ombe, inanata midomoni kwa sababu ya hiyo jelatini, nayo ni protini kweli, ila imekosa triptofani, kijenzi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Molokony na maharagwe, sawa. Molokony peke yake ni starehe tu.

Kwa hiyo pika supu ambayo kila kilichomo kinaliwa.

Supu ya maharagwe, watu sita

Pima nusu kilo ya maharagwe makavu. Aina ya Nambale hutoa mchuzi mzito mwekundu. Ya njano huiva upesi na wengi huona hayawasumbui tumbo. Ukipata yale ya NAROBEAN, yaliyotolewa na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, mwaka 2016, chukua: yalizalishwa makusudi yawe na chuma na zinki zaidi. Chambua mawe, osha, loweka usiku kucha katika lita 2 za maji. Asubuhi mwaga maji hayo, maana sehemu ya sukari zinazoleta gesi imo humo.

Weka maji mapya, lita 2 na nusu, uchochee moto mkali. Yachemke kwa nguvu, yarukeruke, dakika 10 kamili kabla hujapunguza makaa. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayotapisha na kuharisha, na joto la chini halitoshi kuivunja. Anayebania makaa akayaacha yatokote polepole tangu mwanzo anaweza kuyalainisha bila kuyaondolea sumu. Baada ya hapo funika, acha saa moja na nusu hadi mbili. Maji yakipungua ongeza ya moto.

Nyanya na ndimu zisiingie mapema. Uchachu hukaza ganda, utakesha na sigiri. Kupima kama yameiva, chota punje tatu, si moja, uzibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa, zote zisagike. Yakigoma baada ya saa tatu, ni ya msimu uliopita, yamekaa kwenye joto na unyevu. Ndiyo maana hupaswi kuchanganya ya zamani na mapya: nusu itakuwa uji, nusu kokoto. Magadi huyalainisha, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Ukilazimika, robo kijiko cha chai inatosha.

Pembeni kaanga vitunguu 2 kwa vijiko 2 vya chakula vya mafuta, weka karoti 2 zilizokatwa ndogo, kisha nyanya 3 mpaka zipondeke zenyewe. Mimina kwenye maharagwe. Chota kikombe kimoja cha maharagwe, ukiponde kwa mwiko, ukirudishe: huo ndio uzito wa supu, huna haja ya unga. Chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko hichohicho, na hapa mmekigawana sita. Ukitumia vile vidonge vya mchuzi, acha chumvi kabisa. Sehemu kubwa ya kidonge ni chumvi.

Mwisho kabisa ni dodo, yaani mchicha. Osha fungu zima kabla ya kukata, maana ukikata kwanza vitamini C inakwenda na maji. Lipike dakika 3 hadi 5, likiwa bado la kijani. Kisha kamulia ndimu kwenye sahani, si kwenye sufuria. Chuma cha maharagwe na majani mwili hukipokea kwa shida, na vitamini C ndiyo inayokisaidia kupita. Chai ya rangi au ya maziwa hufanya kinyume, kwa hiyo ipishe saa moja baada ya kula.

Binyebwa (mchuzi wa karanga) na mukene

Hii ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote kwa bei yake. Mukene huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu iliyokataa kutoka kwenye mfupa wa ng'ombe hapa unaitafuna.

Sokoni tazama rangi. Mukene mzuri anang'aa kama fedha na ananukia samaki. Aliyegeuka kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha mwachie. Aliyeanikwa mchangani ana changarawe hata umwoshe mara kumi, kwa hiyo uliza aliyekaushwa juu ya wavu. Na hakikisha hawakuuzii wa chakula cha kuku, maana wapo na wanauzwa soko hilohilo.

Karanga nunua nzima, uzichague mwenyewe, ndipo uzipeleke kusagwa. Unga uliokwisha sagwa huficha kila kitu. Tupa zilizonyauka, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu: huko ndiko sumukuvu hukaa, na moto wa jikoni hauiondoi.

Chukua vikombe 2 vya mukene mkavu. Toa vichwa kama hupendi uchungu, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kisha mkaushe kwenye sufuria kavu dakika 4 hadi harufu kali ipungue. Koroga kikombe 1 cha unga wa karanga katika vikombe 3 vya maji baridi. Baridi, si ya moto. Ukiumwaga unga kwenye maji yanayochemka utapata madonge ambayo mwiko hauyamalizi. Injika kwenye moto mdogo, ukikoroga hadi chini kila baada ya dakika chache, kwa dakika 30 hadi 40. Binyebwa vikianza kuchemka hupanda ghafla kama maziwa, kwa hiyo sufuria isijae. Vimeiva pale mafuta yanapoelea juu na ile harufu ya karanga mbichi imekwisha. Weka kitunguu, nyanya 2 na mukene, dakika 10 zaidi. Nakati, mboga nyingine ya majani, ikipikwa humohumo inafaidi: vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili mwili uipokee, na karanga zinayo tele.

Cha kulia na supu

Matooke (ndizi za kupika) na posho hutia nguvu, protini ni haba, kwa hiyo supu iwe nyingi kuliko ilivyozoeleka. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kama NASPOT 10 O, vinaongeza vitamini A. Kazi ya viazi hivyo ilimpa mtafiti wa Uganda Robert Mwanga na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Vichemshe na maganda.

Wa kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na maharagwe, naye asidharauliwe. Chapati moja badala ya mbili, maharagwe mara mbili, nyanya na kabichi mbichi juu. Tatizo la kikomando ni mafuta ya chapati, si maharagwe.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 asipewe maji ya supu. Ponda maharagwe yaliyotolewa ganda, kama wanavyofanya Watooro wa magharibi mwa Uganda kwenye firinda, changanya na matooke, mukene aliyesagwa laini na majani kidogo. Uzito uwe wa kukaa kwenye kijiko bila kutiririka.

Ikibaki

Bila friji, supu isikae vuguvugu juu ya majivu hadi asubuhi. Hilo ndilo joto wadudu wanalolipenda. Igawe kwenye vyombo vidogo, viweke ndani ya beseni la maji baridi, funika, kisha weka mahali penye ubaridi. Igawe mapema, isipite saa mbili tangu itoke motoni. Asubuhi ichemke kabisa, dakika kadhaa, na ile tu mtakayoila. Ikiwa imetoa povu dogodogo au harufu ya uchachu kabla hata ya kuinjikwa, imwage. Kuichemsha kutaua bakteria, lakini baadhi ya sumu walizokwisha kuziacha haziharibiwi na moto.