Kupaka Epoksi kwenye Fimbo ya Kuvulia Hadi Itoke Laini

Fimbo ya kuvulia inayotumika katika bahari ya Watamu au Malindi mara nyingi haianzi kuharibika kwenye ufito wenyewe, bali pale uzi unapofunga miguu ya pete za kupitishia mshipi. Ganda la epoksi linalofunika uzi huo, yaani gundi ya sehemu mbili inayoganda ikawa ngumu, hupata ufa mwembamba kwenye ukingo wa mguu wa pete, maji ya chumvi hupenya chini ya uzi, chuma hushika kutu, na siku sulisuli anapovuta kwa nguvu, pete hucheza au kung'oka kabisa. Ndiyo maana ganda hilo linastahili kupakwa kwa uangalifu: likiwa na vitundu na mabonde, chumvi hukaa humo na maji hupata pa kuanzia.

Ganda la zamani huondolewa kwa kulipasha joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kulikata kwa wembe juu ya mguu wa pete tu, mahali ambapo chuma kinaupokea wembe. Usikate kamwe juu ya ufito, kwa sababu nyuzi za kaboni au fibaglasi zikikwaruzwa, hapo ndipo fimbo itakapovunjika baadaye. Vua mabaki kwa kucha, futa kwa kitambaa chenye spiriti, funga pete kwa uzi mpya, na kuanzia hapo usiushike uzi kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi huifanya epoksi ijikunje na kuacha madoa yasiyoshika.

Uzi wa kawaida wa nailoni hugeuka mweusi-mweusi au kuonyesha chuma kilicho chini yake mara epoksi inapoulowesha. Anayetaka rangi ibaki ilivyo atumie uzi uliotengenezwa kuhifadhi rangi, au apake kwanza dawa ya kuhifadhi rangi na kuiacha ikauke kabisa. Kwa kujaribu rangi, funga uzi huohuo kwenye kijiti na uupake kabla ya kugusa fimbo.

Epoksi ya fimbo huja katika chupa mbili, na aina nyingi huchanganywa nusu kwa nusu kwa ujazo, ingawa maelezo ya chupa uliyonayo ndiyo ya kufuata. Pima kwa mabomba mawili ya sindano, kila chupa na bomba lake, tena yasiyopakwa silikoni. Kwa kazi ndogo, mililita 3 na mililita 3 ni rahisi kupima sawasawa kuliko nusu mililita, hata kama nyingine itabaki. Niliwahi kukadiria kwa macho nikiwa na haraka ya kurudisha fimbo ya mtu, na wiki nzima baadaye ganda lilikuwa bado linanata kidoleni; nilibandua kila kitu na kufunga uzi upya, kazi ya siku mbili iliyopotea kwa sababu ya dakika moja. Vaa glavu na ufungue madirisha, kwa kuwa epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usioondoka.

Koroga polepole kwa dakika 3 hivi, ukikwangua pembeni na chini ya kikombe, kisha mimina mchanganyiko kwenye karatasi ya foili. Ukitandazwa mwembamba hutoa viputo vyenyewe, na haupati joto linaloufanya ugande upesi kama unavyofanya ukiachwa kikombeni.

Sasa laza fimbo juu ya vishikizo viwili, uizungushe huku ukipaka kwa brashi laini. Anza katikati ya uzi uelekee ukingoni. Utaona uzi ukinywa epoksi na kubadilika rangi, na utaona pia kijishimo kirefu kila upande wa mguu wa pete, pale uzi unapoinuka na kuacha nafasi. Ingiza epoksi humo kwa ncha ya brashi mpaka hewa itoke, kwa sababu humo ndimo maji hujificha. Vuka mwisho wa uzi kwa milimita moja hivi juu ya ufito, ili ukingo uzibwe. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la epoksi, uwe mwembamba, hata kama mistari ya uzi bado inaonekana. Wengi huharibu hapa kwa kutaka kumaliza kwa mkono mmoja mnene, nao hushuka na kuvimba upande mmoja. Kiputo kinachokaidi hupasuka ukipitisha mwali wa taa ya spiriti haraka kwa chini, bila kuusimamisha.

Baada ya hapo fimbo izunguke. Mota ndogo ya mizunguko 10 hivi kwa dakika inatosha. Asiyenayo aigeuze kwa mkono nusu mzunguko kila dakika chache, kwa saa 3 au zaidi, mpaka epoksi iache kutiririka. Chagua chumba kisicho na vumbi wala feni. Siku za masika, hewa ya pwani ikiwa imejaa unyevu, epoksi huweza kutoa utando wa nta juu yake, na kwangu ni bora kusubiri siku kavu kuliko kupambana nao. Ukitokea, uoshe kwa maji ya uvuguvugu ganda likishakuwa gumu.

Mkono wa pili hupakwa siku inayofuata. Palipo na kinundu, sugua kidogo kwa msasa laini namba 600 uliolowa maji, bila kuufikia uzi, kisha futa na uache pakauke. Mkono huu ndio unaofunika mistari ya uzi. Utazame ungali mbichi ukiwa umeielekeza fimbo kwenye taa: mwanga ukipita juu yake kama mstari mmoja usiokatika, umelala sawa, ukivunjika mahali, ongeza tone hapo kabla haujaganda. Iache fimbo wiki moja kabla ya kuirudisha baharini, hata kama kidole hakinati tena siku ya pili.