Jinsi ya kufundisha anguko la Kilwa darasa lisisinzie

Walimu wenzangu wa historia, kosa letu kubwa tukifika kwenye anguko la Kilwa, ule mji wa kale wa kisiwani pwani ya kusini ya Tanzania, ni kuandika ubaoni "sababu za kuanguka" halafu tunashusha pointi, watoto wananakili, kengele inalia, basi. Mtoto hawezi kusikitikia mji ambao hajawahi kuupenda. Kabla hujauangusha, ujenge kwanza vichwani mwao.

Mimi kipindi cha kwanza sigusi kabisa Wareno. Nawasimulia Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika mwaka 1331 akausifia mji kwa uzuri, halafu kile kisa alichokiandika cha sultani Hasan bin Suleiman, fakiri mmoja kutoka Yemen alimdaka ametoka kuswali Ijumaa akamwomba nguo zilezile alizovaa, na kweli sultani akarudi ndani akazivua akampa. Alipokufa akatawala ndugu yake Daud, huyo akija mwombaji anamjibu aliyekuwa anatoa kashakufa na hajaacha cha kutoa. Watoto wanacheka sana hapo, waache wacheke, tayari kuna watu wawili wa Kilwa wanawajua. Malizia na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali, bahari inaonekana kotekote, na bwawa la kuogea la pembe nane. Lichore ubaoni, au pitisha picha kwenye simu dawati kwa dawati.

Kipindi cha pili ni mchezo. Makundi matatu: Sofala (bandari ya dhahabu, leo ipo Msumbiji), Kilwa, na wafanyabiashara wa Uarabuni na India. Punje za mahindi ndo dhahabu, vipande vya karatasi ndo vitambaa na vyombo vya China. Raundi ya kwanza hakuna punje inayotoka Sofala bila kupita Kilwa na Kilwa wanakata ushuru, utaona wanavyovimba vichwa. Raundi ya pili nenda kimyakimya ukanong'oneze watoto wawili wa Kilwa, kila mmoja mwambie yeye ndo sultani halali, halafu waulize Sofala, hivi nyie huo ushuru mnalipa wa nini? Usiongeze neno. Darasani kwangu ugomvi uliwaka wenyewe na biashara ikasimama.

Ndo sasa unaingiza Wareno, watoto wanne uliowaweka nje ya mlango tangu mwanzo. Wanaingia wanadai punje, hiyo ni 1502, Vasco da Gama anamlazimisha amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa wakati huo, alipe kodi kwa dhahabu. Wanatoka, wanarudi, hiyo ni Julai 1505, kamanda wao Francisco de Almeida, safari hii wanabeba kila kitu na kujenga ngome. Mwaka uleule wakajenga nyingine Sofala, kwa hiyo hamishia Wareno wawili kule, punje zisifike tena Kilwa. Hapo nyamaza. Usikimbilie kueleza, waache waangalie meza ilivyo tupu, nakwambia hicho kimya kinafundisha kuliko notsi zote.

Baada ya hapo uliza swali moja tu, nani kaiangusha Kilwa? Wengi watasema Wareno, wewe wakumbushe Ibrahim hakuwa wa ukoo wa masultani na mji ulishagombana wenyewe kabla meli hazijaonekana, wabishane. Halafu onyesha picha ya chombo cha kanisani cha dhahabu kilichotengenezwa 1506 kwa ile kodi ya Kilwa, kipo jumba la makumbusho Lisbon mpaka leo. Mimi mwenyewe kila nikiionyesha inanigusa.

Kuna mtoto atauliza watu walienda wapi. Mwambie ukweli, Wareno waliondoka 1512, watu wakabaki, na karne ya 18 mji uliinuka tena kwa biashara ya utumwa, usiifiche hiyo, na kisiwani watu wanaishi hadi sasa.

Kazi ya nyumbani, kila mmoja aandike barua akiwa nahodha, fundi wa kujenga nyumba za matumbawe au mjane wa mfanyabiashara, mwaka 1506. Ukisahihisha tafuta sababu mbili, moja ya ndani na moja ya nje, asiyekuwa nazo mrudishie aongeze.