Paa la vinili: lianike kwanza

Nimelijua hili juzi: gari la zamani la paa la kukunja, mfano MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, usilifunge vifungo vya paa asubuhi ikiwa paa ni la vinili, yaani kitambaa cha plastiki. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na baridi ya alfajiri hukaza vinili ikawa kama ngozi ya ngoma. Tandaza paa juani juu ya blanketi, saa moja hivi, kisha bana upande wa kioo cha mbele, halafu vifungo vya nyuma, kuanzia katikati. Vinili yenye joto hunyumbuka. Kifungo kilichopungukiwa na nusu sentimita hufika chenyewe. Koleo weka mbali, litang'oa kifungo pamoja na kipande cha paa. Paa la turubai halisaidiki hivi, na vinili kuukuu yenye nyufa itapasuka tu, hata uianike mpaka magharibi.