Pampu ya presha: anza na maji yanayoingia

Ukija karakanani kwangu hapa Iyunga, Mbeya, kutafuta pampu ya presha ya kiwandani, sitakuuliza kwanza unataka bar ngapi, yaani presha kiasi gani. Nitakuuliza maji yako yanatoka wapi, yanafika kwa bomba la ukubwa gani, na kama yana mchanga. Pampu nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa zilikuwa na nguvu ya kutosha kabisa. Kilichoziua kipo upande wa kunyonya: maji machache, maji machafu, au maji yaliyochanganyika na upepo. Haya ni kwa mwenye eneo la kuoshea malori Uyole au Tunduma, msimamizi wa kiwanda cha chai Mufindi, mwenye mashine za mbao Mafinga, na fundi kijana atakayekabidhiwa spana.

Ninazozungumzia ni pampu za plunja tatu, yaani fimbo nene zinazosukuma maji, zinazoendeshwa na krenki, za kuanzia bar 100 hadi 250. Sokoni zote zinaitwa pampu za pistoni. Ndani yake plunja ya seramiki huteleza mbele na nyuma kwenye sili (pete za kuzuia maji yasivuje) zilizotulia, na kila plunja ina valvu ya kuingizia na ya kutolea. Zile ndogo zenye sahani iliyolala mshazari badala ya krenki zina kazi yake nyumbani. Ukiziwasha asubuhi hadi jioni kwenye eneo la biashara, hazidumu.

Kuchagua: lita kwanza, bar baadaye

Lori linalotoka Zambia kwa barabara ya TANZAM wakati wa masika linakuja na udongo uliokauka chini ya chesesi. Presha huubandua, lakini kinachouondoa ni wingi wa maji. Kwa kazi hiyo bar 120 hadi 150 na lita 15 hadi 20 kwa dakika zinatosha. Anayenunua bar 250 zenye lita 10 atazunguka gurudumu moja muda mrefu, na akisogeza nozo, ile ncha inayotoa maji, karibu mno atakunja mapezi ya rejeta na kujeruhi tairi. Presha kubwa iache kwa kutoa rangi, kutu, au masizi magumu ya kwenye mitambo.

Ukishajua presha ya kazi yako, nunua pampu iliyoandikwa zaidi ya hapo. Mimi hupenda pampu ifanye kazi kwenye robo tatu hivi ya uwezo wake. Kazi ya bar 150, chukua pampu ya bar 200.

Nguvu ya mota ina hesabu ambayo kila fundi anapaswa kuiweka kichwani. Zidisha bar kwa lita za dakika moja, kisha gawanya kwa 600: hizo ni kilowati zinazoingia kwenye maji. Gawanya tena kwa 0.85 kufidia kinachopotea njiani. Bar 150 mara lita 15 ni 2,250. Gawanya kwa 600 unapata 3.75, gawanya kwa 0.85 unapata 4.4. Mota inayofuata dukani ni ya kilowati 5.5, na hiyo ndiyo ya kuchukua. Ya kilowati 4 itawaka, itafanya kazi, halafu itaungua.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya pampu huligusa kwa mstari mmoja tu. Mota za kawaida hupimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya bahari. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700. Hewa nyepesi huipoza mota vibaya kidogo, ila baridi yetu hurudisha sehemu ya hasara hiyo, kwa hiyo nafasi iliyobaki kati ya 4.4 na 5.5 inatosha. Injini ya petroli haina huruma hiyo. Hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, hivyo injini iliyoandikwa nguvu farasi 13 kwenye boksi ni kama ya 11 ikifika kwetu. Ukipiga hesabu yako kwa 13, presha uliyoahidiwa hutaiona.

Soma pia mizunguko ya dakika moja kwenye kibati cha pampu. Ikiandikwa 1,750, imepigiwa hesabu ya umeme wa hezi 60 kama wa Marekani. Umeme wetu ni hezi 50 na mota ya poli nne huzunguka karibu 1,450, kwa hiyo pampu ya lita 15 itakupa kama 12 na kidogo. Ikiandikwa 3,400, hiyo ni ya kufungwa moja kwa moja kwenye injini ya petroli. Ukiiweka kwenye mota ya 1,450 haitoi hata nusu. Nimeona mzigo wa namna hiyo ukiuzwa kwa mteja wa Tunduma kama "pampu ya kiwanda", naye akalaumu umeme kwa muda mrefu.

Hedi, yaani kichwa cha pampu chenye valvu, ikiwa ya brasi inafaa kwa maji safi ya kawaida. Kwa viwanda vya maziwa vya Iringa na Njombe, ambako hupita sabuni za asidi, na kwa machimbo yenye maji ya chumvichumvi, tafuta hedi ya stenlesi na sili za aina inayoendana na dawa unayotumia. Bei inauma mara moja tu.

Upande wa kunyonya

Niliwahi kuitwa Uyole na mama mmoja anayeosha malori. Pampu yake ya bar 150 ilikuwa changa bado, na tayari presha ilikuwa inapanda na kushuka. Maji aliyavuta kutoka kwenye kisima cha zege kilichokuwa chini ya pampu kwa karibu mita mbili, kwa mpira wa bustani wa nusu inchi. Ilipowashwa, hedi ilitoa mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Nikaifungua pale pale. Vikalio vya valvu za kuingizia vilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vikali ukivipitishia ukucha. Plunja ya katikati ilikuwa na ufa mwembamba wa kuzunguka. Kwenye midomo ya sili kulikuwa na chembe za kijivu, mchanga ule wa volkano unaoujua kila anayelima upande wa Rungwe.

"Fundi, nimeuziwa feki?"

"Hapana mama. Pampu ni nzuri. Inanyimwa maji."

Sababu yake ni hii. Maji hayavutwi na pampu. Yanasukumwa na uzito wa hewa ya nje kuingia pale pampu inapoacha nafasi. Pwani hewa hiyo inaweza kubeba maji hadi kama mita 10.3 kwa hesabu ya kitabuni. Kwa mwinuko wa Mbeya ni kama 8.4 tu, na kutoka hapo utoe msuguano wa mpira mwembamba, viwiko, chujio, na mshtuko wa plunja tatu zinazovuta kwa zamu mara nyingi kila sekunde. Maji yakikosa kufika kwa wakati, huchemka yakiwa baridi vile vile: vipovu vya mvuke vinatokea ndani ya hedi, kisha vinapasuka kwa nguvu na kung'oa chuma chembe kwa chembe. Ndivyo vile vishimo. Ufa wa plunja nao huja pampu ikizunguka kavu hadi seramiki ishike moto, halafu maji baridi yaifikie ghafla.

Tulibadilisha mpangilio wote kabla ya kuweka spea hata moja. Fanya hivyo hivyo kwako.

Weka tanki dogo la kulishia pampu, na tako lake liwe juu ya hedi kwa angalau mita moja. Kwa pampu ya lita 15, simtanki ya lita 500 juu ya stendi ya chuma inatosha sana. Toleo la kwenda pampuni litobolewe sentimita 10 juu ya tako, tope libaki chini. Maji yanayoingia kutoka juu yaangukie upande wa pili wa tanki; yakimwagikia karibu na toleo, pampu itakunywa mapovu.

Kutoka tanki hadi pampu tumia mpira mgumu wenye waya ndani, usiobonyea, wenye tundu kubwa kwa saizi moja kuliko mdomo wa pampu. Mdomo wa robo tatu, weka inchi moja. Uwe mfupi, usiwe na mgongo unaoweza kushika upepo, na kiwiko kisikae karibu na hedi. Koki iwe ya tundu pana. Chujio la wavu namba 80 hadi 100 lifungwe mahali ambapo kijana anaweza kulisafisha bila kuinama sana, kwa sababu chujio lililojificha halisafishwi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mito yetu inapogeuka rangi ya udongo, lifunguliwe kila siku.

Kisha pima. Fungua mpira pale unapoingia pampuni, kinga ndoo ya lita 20, na uweke saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika moja, unaweza kulisha pampu ya lita 15 kwa amani. Ikichukua dakika na nusu, usiifunge pampu kwanza. Rudi kwenye bomba.

Kuhusu maungio: tepu nyeupe ya kutosha, na ukimaliza paka povu la sabuni kila ungio huku pampu ikizunguka. Mahali panapovuta povu kwenda ndani ndipo upepo unapoingilia. Mara nyingi upande huu hauvuji maji nje pampu ikizunguka, ndiyo maana watu wengi huukosa.

Kufunga pampu na mota

Kitako kiwe cha zege, kimeinuka kama sentimita 10 kutoka sakafuni, kimepimwa kwa pima maji, kwa sababu pampu iliyoinama husoma oili uongo. Chini ya fremu weka raba za kuzuia mtikisiko. Ukitumia mkanda, puli ndiyo inayopanga mizunguko: mota ya 1,450 yenye puli ya milimita 110, na pampu inayotaka 950, puli ya pampu ni kama milimita 168. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli zote mbili. Uzi uguse pande zote bila mwanya.

Umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie anatakiwa kufunga nini: fesi tatu, overlodi (swichi inayozima mota ikizidiwa) iliyosetiwa kwa ampea za kibati cha mota, na kifaa cha kuzima fesi moja ikikatika. Vijiji vya mwisho wa laini umeme hushuka jioni, na mota inayozunguka kwa fesi mbili huungua upesi mno kuliko utakavyowahi swichi.

Upande wa kutolea, pampu ya namna hii haijui kusimama. Ukifunga njia ya maji, itaendelea kusukuma hadi kitu kipasuke. Kwa hiyo kuna vitu viwili na vyote ni lazima. Anloda, inayorudisha maji unapoachia bunduki ya kurushia maji, na valvu ya usalama iliyosetiwa juu kidogo ya anloda. Maji ya anloda yarudishe kwenye tanki. Ukiyarudisha kwenye mdomo wa pampu, yatazunguka palepale na kupata moto hadi sili zilainike. Geji ya presha iwe ya kujazwa gliserini ndani, ya kusoma karibu mara mbili ya presha ya kazi, na ikae kwenye hedi. Kipande cha kwanza baada ya hedi kiwe mpira wa presha; bomba la chuma likifungwa moja kwa moja litapasuka kwa mtikisiko.

Presha halisi inaamuliwa na nozo. Kwa lita 15 na bar 150 chukua nozo namba 055. Nozo ndogo mno itafanya anloda irudishe maji muda wote, kubwa mno na bar 150 hutaziona hata ukaze vipi.

Kuwasha mara ya kwanza, legeza springi ya anloda yote, toa nozo, bonyeza bunduki, na acha maji yapite yenyewe hadi upepo uishe. Gusa swichi mara moja uone mota inazungukia upande wa mshale. Iache izunguke dakika chache bila presha, zima, rudisha nozo, washa, kisha kaza anloda taratibu ukitazama geji. Sindano ikiacha kupanda, acha kukaza. Achia bunduki: presha ikiruka zaidi ya asilimia 15 hivi, umekaza mno.

Usimruhusu mtu ajaribu maji kwa kiganja. Mkondo wa bar 100 hupenya glavu na ngozi, na kidonda chake kwa nje huonekana kidogo huku ndani nyama imeharibika. Aliyepigwa apelekwe hospitali hapo hapo, na daktari aambiwe ni maji ya presha.

Oili ya kwanza mwaga baada ya saa 50, halafu kila saa 500, kwa aina iliyotajwa kwenye kitabu cha pampu. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili. Usisubiri saa zitimie. Juni na Julai, kwa walio Makete, Njombe na Mufindi kwenye jalidi, funga koki ya tanki kila jioni, legeza mpira wa kuingizia, bonyeza bunduki na zungusha pampu sekunde chache hedi itoe maji yote. Barafu hupasua brasi.

Na presha ikianza kupungua baada ya miezi, usikimbilie kukaza anloda. Toa nozo, kinga ndoo, pima lita za dakika moja. Zikiwa zile zile za mwanzo, nozo imelika, badilisha. Zikiwa zimepungua, angalia chujio na mkanda kwanza, kisha ndipo ufungue hedi utazame valvu na sili.