Ukitaka kuwa kocha wa difensi NFL, anzia chumba cha video

Kuna dogo anasoma chuo huku Marekani, alinipigia wiki iliyopita akaniuliza kaka hivi mtu anafikaje kuwa kocha wa difensi, yaani ulinzi, kule NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, tukaongea lisaa lizima. Najua hayuko peke yake mwenye hilo swali ndo maana naliandika hapa.

Kwanza jua nafasi ni chache. Timu ziko 32 tu, kila timu ina kodineta mmoja wa difensi, huyo ndo bosi wa ulinzi wote, chini yake kuna kocha wa laini ya mbele, kocha wa malainbeka (wanaosimama nyuma ya laini hiyo), kocha wa makona na masefti (walinzi wa nyuma), halafu kule chini kabisa wako vijana wa kwaliti kontroli, wasaidizi wa kuchambua video na takwimu. Hao wa chini ndo mlango wenyewe. Ukodineta hauombwi kwa barua, unaupanda ngazi kwa ngazi.

Mwangalie Vic Fangio. Hakuwahi kucheza NFL, alianza kufundisha sekondari kwao Dunmore, Pennsylvania, 1983 akawa msaidizi chuo cha North Carolina, 1986 akaingia New Orleans Saints kufundisha malainbeka, ukodineta akaupata 1995 kule Carolina, na ukocha mkuu akaja kuupata 2019 Denver akiwa na miaka 60! Wakamwondoa baada ya misimu mitatu, akarudi kwenye ukodineta, na Februari 2025 difensi yake ya Philadelphia Eagles ikawabana Kansas City Chiefs kwenye Super Bowl, yaani fainali ya NFL, 40 kwa 22. Hiyo ni safari ya zaidi ya miaka 40, kwa hiyo mtu akikwambia miaka mitano utakuwa umefika, mshukuru halafu endelea na yako.

Na usidhani waliocheza wanaruka foleni. DeMeco Ryans kacheza lainbeka NFL miaka kumi, 2017 akakubali kuanza na kwaliti kontroli San Francisco, mwaka uliofuata akapewa malainbeka, 2021 kodineta, 2023 kocha mkuu Houston. Alipanda haraka kweli, ila alianzia chini kama wengine.

Kama hujacheza sana, njia yako ya kawaida ni kujitolea kwenye timu ya sekondari, halafu uingie chuo kama gradueti asistanti, yaani unasoma masters huku unafanya kazi kwenye timu, ada unasaidiwa na hela ya kujikimu ni kidogo. Bill Belichick, kocha maarufu wa NFL, mwenyewe alianza 1975 na Baltimore Colts kwa dola 25 kwa wiki, kazi yake kubwa kuchambua filamu.

Sasa hapo kwenye filamu ndo nataka tukae, maana ndo kazi yote ilipo. Unaweka video ya wapinzani na kila plei, yaani kila shambulizi moja, unaandika: dauni ya ngapi (jaribio la ngapi kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi), zimebaki yadi ngapi, mpira uko upande gani wa uwanja, wameingia wachezaji gani, wamejipangaje, nani kasogea kabla mpira haujaanza, wakafanya nini. Wachezaji wanaandikwa kwa namba, 11 maana yake ranibeki mmoja (anayekimbia na mpira) na tait endi mmoja (anayezuia na pia kudaka) kwa hiyo marisiva, yaani wadakaji, ni watatu, 12 ni ranibeki mmoja na tait endi wawili, marisiva wanabaki wawili. Plei ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuna kuruka, hata ile uliyoona haina maana.

Msimu uliopita nilikuwa nasaidia timu ya sekondari, nikakaa na video za wapinzani mpaka saa saba usiku, karibu niache, ndo nikaona kwamba kila tait endi wao akihama kwenda kushoto na zimebaki yadi mbili au chini yake, mpira unakimbizwa hukohuko kushoto, mara tisa kati ya tisa. Nikampelekea kocha. Ijumaa ikafika dauni ya nne yadi moja, tait endi akahama kushoto, sefti wetu mtoto wa miaka 16 akashuka mapema akamkuta ranibeki nyuma ya laini. Yule mtoto alikuja mbio mpaka pale nilipo pembeni ya uwanja akanikumbatia. Mimi sitaisahau.

Kitu kingine jifunze kuongea kwa kifupi. Tangu 2008 mchezaji mmoja wa difensi anaruhusiwa redio ya kumsikia kocha kwenye helmeti, ana kidoti cha kijani nyuma, lakini saa ya plei, muda wa kujipanga kabla ya kuanza, ni sekunde 40 na redio inakatika zikibaki 15. Humo ndani ujue ofensi, yaani wanaoshambulia, imeingiza nani, uchague, uyatamke maneno yasikike. Kaa mbele ya TV na saa ya simu ufanye mazoezi kwa sauti.

Kuhusu kupata kazi, makocha huajiri mtu wanayemjua au aliyesemewa na wanayemwamini. Nenda kwenye mkutano wa AFCA, chama cha makocha wa futiboli Marekani, kila Januari, na ukishakuwa na uzoefu omba ile fellowship ya Bill Walsh, programu ya mafunzo ya NFL kwa makocha kutoka makundi yanayosahaulika, ipo tangu 1987 na timu zote 32 zinashiriki, inakuweka ndani ya kambi ya mazoezi.

Halafu ongea na mwenzio nyumbani mapema. Kocha mkuu akifukuzwa mara nyingi mnaondoka naye wote, hata kama difensi yako ilikuwa nzuri. Fangio kawa kodineta Carolina, Indianapolis, Houston, San Francisco, Chicago, Miami na Philadelphia, hebu piga picha hizo hama hama na watoto wako shule.

Dogo jana kanitumia karatasi yake ya kwanza, plei 58, mwandiko mzuri, ila kasahau kuandika mpira ulikuwa upande gani wa uwanja. Nimemwambia arudie zote.