Kabla kijana hajaanza kuua mazombi kwa simu yako

Kupakua Dead Trigger 2, mchezo wa simu wa kupiga mazombi risasi, ni bure, ila dhahabu ya kutumia mle ndani ya mchezo inauzwa kwa pesa halisi. Na hapa Nairobi wengi tumeshaweka kadi au M-Pesa kwenye Google Play. Kwa hivyo kijana akikuomba simu, fungua Google Play kwanza, gusa picha yako juu kulia, ingia Mipangilio, tafuta uthibitishaji wa ununuzi, kisha chagua nenosiri liulizwe kila mara. Usikubali ile ya kila dakika 30. Dakika hizo za kununua bila kuulizwa tena zinatosha kumaliza nauli ya wiki. Nenosiri lenyewe asilijue! Mchezo ni mtamu hata bila kununua kitu: alenge kichwa, zombi huanguka upesi.