Somo: Kuzitambua seli za kinga kwa uzito wa metali

Wenzangu wa maabara hapa Kigoma, njia hii ilielezwa na watafiti wa Toronto, Kanada, mwaka 2009. Ninaifundisha kwa sababu, hata kama mashine yenyewe iko mbali, sampuli iliyoharibikia mezani petu haiponi huko.

Kwanza, tenga seli nyeupe za damu, kisha uzitie sisplatini, dawa yenye metali ya platini, kwa dakika chache. Seli iliyokufa huinywa zaidi kuliko iliyo hai, hivyo itajulikana na kuondolewa kwenye hesabu.

Pili, tia kingamwili, yaani protini zinazoshika kila moja alama yake juu ya seli, kila moja ikiwa imefungwa isotopu yake (aina yenye uzito wake) ya metali adimu. Alama hizo ni protini zinazoitwa CD na namba: kingamwili ya CD3 hushika seli T, za CD4 na CD8 huzigawa hizo T, ya CD19 hushika seli B, na ya CD14 hushika monosaiti.

Tatu, zigandishe seli umbo lake kwa formaldehaidi, tia iridiamu inayoshika DNA, kisha zioshe kwa maji yaliyosafishwa. Hapa nawasihi sana: msitumie vyombo vya kioo vilivyooshwa kwa sabuni, kwa maana sabuni nyingi huacha bariamu, ambayo uzito wake unakaribia ule wa metali zetu, na kazi ya siku nzima hupotea.

Nne, mashine hugeuza seli kuwa ukungu na kuzipitisha moja moja katika plazma ya argoni (gesi yenye chaji ya umeme, si ile ya damu) yenye joto la maelfu ya nyuzi, zikabaki ioni tupu, yaani atomu zenye chaji. Zilizo nyepesi, kama za kaboni, huondolewa; zilizobaki husukumwa kwa nguvu moja, na kama mitumbwi ya Kibirizi, isiyo na shehena hutangulia kufika. Muda wa safari ndio unaotaja metali, na metali inataja protini. Seli yenye CD3 na CD4, isiyo na CD8, ni T saidizi.

Mwanachama, Urambo: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie rangi zinazong'aa, kama kwenye mashine nyingi za kupima CD4?

Marahaba. Rangi nyingi zikiwa pamoja, mwanga wake huingiliana. Metali hazichanganyikani hivyo, na ndiyo maana tunasoma alama zaidi ya 40 katika seli moja. Ila mashine hii ni ya polepole: hupitisha seli mia chache kwa sekunde, ilhali ile ya rangi hupitisha maelfu.

Mwanachama, Kasulu: Naweza kuzikuza seli hizo baada ya kipimo?

Hapana, zimeshaungua zote. Gawa sampuli kabla ya hatua ya kwanza, na fungu la kukuza ulihifadhi hai katika naitrojeni ya kimiminika.